Alipe Tena au Aache? Kisa cha dada yangu na kikundi chake cha kupunguza uzito

Swali aliniletea usiku, watoto wake wakiwa wameshalala. "Mdogo wangu, wewe si mtu wa mahesabu? Hebu niangalizie hili." Akaweka mezani daftari lake la uzito pamoja na taarifa ya benki. Ada ya kikundi chake cha kupunguza uzito ilikuwa inakatwa kwenye akaunti yake kila mwezi, na huo ulikuwa mwezi wa 18. Alitaka nimwambie jambo moja tu: aendelee kulipa au ajitoe.

Amenikubalia nikiandike kisa hiki, mradi nisitaje jina lake wala la kikundi. Nakiandika kwa urefu kwa sababu jibu nililompa usiku ule lilikuwa baya, na ilinichukua wiki mbili kuona lilipokosea.

Hali ilivyokuwa

Dada ana miaka 43 na urefu wa sentimita 162. Alijiunga akiwa na kilo 94, baada ya daktari kumwambia presha yake inapanda na sukari yake imekaribia mpaka wa kisukari. Kikundi hukutana kila Alhamisi jioni. Ukifika unapanga foleni, unapanda mizani, kiongozi anaandika kilo zako kwenye kadi, kisha mnakaa kama saa moja mnazungumza: nani kateleza wapi, nani kapata mbinu gani. Miezi 7 ya kwanza alishuka hadi kilo 84.4, yaani alipunguza kilo 9.6, zaidi kidogo ya asilimia 10 ya uzito aliokuja nao. Presha ilitulia na daktari akampunguzia dozi ya dawa.

Halafu uzito ukagoma. Kwa miezi 11 iliyofuata ulipanda kidogo, ukashuka kidogo, na usiku ule mizani ilikuwa inasoma 85.1.

"Miezi kumi na moja nalipa," akasema, "na nimeongezeka gramu mia saba. Nalipia nini?"

Shemeji alishamwambia aache, pesa ile ina kazi nyingine nyumbani. Rafiki yake wa kikundini alishamwambia akiacha tu, kabla ya mwaka kwisha atakuwa amerudi kwenye kilo 94. Na yeye mwenyewe alikuwa na sauti ya tatu: "Nimeshatoa pesa zote hizi, niache sasa?" Sauti hiyo niliinyamazisha mapema, na hapo sikukosea. Maji yaliyomwagika hayazoleki. Ada za miezi 18 zimekwenda, akiendelea zimekwenda na akiacha zimekwenda. Kinachoamuliwa ni ada ya mwezi ujao tu.

Jibu langu la kwanza

Nilichukua ada alizolipa nikazigawa kwa kilo alizopunguza. Miezi 7 ya mwanzo, kila kilo ilimgharimu chini ya ada ya mwezi mmoja. Miezi 11 ya mwisho, ada 11 zimeleta kilo sifuri, na hata chini ya sifuri. Nikamwambia, "Dada, acha. Umeshapata ulichokifuata."

Akaitikia kwa kichwa, lakini hakuonekana kama mtu aliyetuliwa mzigo. Ndipo nilipoanza kusoma, kwanza nipate namba za kumtia moyo kujitoa. Namba zikanigeuka.

Ziko tafiti zilizofuatilia watu kama yeye. Mwaka 2003 ulichapishwa utafiti wa Marekani uliofuatilia watu 423 kwa miaka miwili. Nusu walipelekwa kwenye vikundi vya Weight Watchers, kampuni inayoendesha vikundi vya kupunguza uzito kwa ada, nusu walipewa ushauri mfupi wakajitegemea. Mwaka wa kwanza ulipokwisha wa vikundini walikuwa wamepunguza wastani wa kilo 4.3, na waliojitegemea kilo 1.3. Mwaka wa pili ulipokwisha, wa vikundini walikuwa wamebaki na upungufu wa kilo 2.9, na waliojitegemea kilo 0.2, yaani kwa wastani walikuwa karibu wamerudi walikoanzia. Utafiti huo uligharimiwa na kampuni yenyewe, na mtu wa mahesabu hapiti mahali kama hapo bila kuweka alama. Hata hivyo tazama upande usiopendeza kampuni: hata wenye vikundi walirudisha zaidi ya kilo moja katika mwaka wa pili.

Sababu ya kurudisha si ulegevu wa mtu. Mwaka 2011 watafiti wa Australia walipima homoni za watu waliopunguza uzito kwa mlo mkali wa wiki 10. Mwaka mmoja baadaye homoni zinazochochea njaa zilikuwa bado juu, na zinazoleta shibe bado chini, kuliko ilivyokuwa kabla hawajaanza. Mwili uliopungua unadai ulichopoteza, na unadai kwa muda mrefu.

Basi miezi 11 aliyorudisha gramu 700 tu haikuwa miezi mitupu. Ilikuwa miezi ya kazi ngumu kuliko ile 7 ya mwanzo, kazi ambayo haionekani kwenye mizani kwa sababu matunda yake ni namba kutosogea. Mimi nilikuwa nimelinganisha kilo 85.1 na kilo 84.4. Nilitakiwa kuilinganisha na kilo ambazo angekuwa nazo bila alichokuwa anakifanya. Ni kosa la mtu anayeona mlinzi wa usiku hana faida kwa kuwa mwaka mzima hakuna aliyeibiwa.

Lakini hilo halikumaliza swali. Kazi ilifanyika, sawa. Je, ni kikundi kilichoifanya, au ni yeye mwenyewe? Kama ni yeye, ada bado ni ya bure.

Daftari lilivyosema

Hapa nilikaa muda mrefu, na hapa ndipo kisa kilipo.

Katika miezi 7 ya kwanza kulikuwa na mikutano 30, akahudhuria 27. Katika miezi 11 ya baadaye kulikuwa na mikutano 48, akahudhuria 19. Ada ilikuwa ileile. Mwanzoni kila mkutano aliohudhuria ulimgharimu kama robo ya ada ya mwezi. Baadaye ukamgharimu zaidi ya nusu. Kikundi hicho kinaruhusu pia kulipia mkutano mmoja mmoja, kwa theluthi ya ada ya mwezi. Mikutano 19 kwa bei hiyo ni ada 6 na ushee. Yeye alilipa 11.

Hayuko peke yake. Wachumi wawili, Stefano DellaVigna na Ulrike Malmendier, walichapisha mwaka 2006 uchunguzi wa kumbukumbu za wanachama 7,752 wa vilabu vitatu vya mazoezi Marekani. Waliolipa kwa mwezi, zaidi ya dola 70, walikwenda wastani wa mara 4.3 kwa mwezi, kwa hiyo kila safari iliwagharimu zaidi ya dola 17, ilhali wangeweza kununua tiketi za dola 10 kwa safari. Na kati ya siku ya mwisho mtu kukanyaga klabu na siku aliyojitoa rasmi, ilipita zaidi ya miezi miwili, ada ikiendelea kukatwa. Watu hulipia mtu wanayetarajia kuwa, na dada yangu kila mwezi alitarajia kwamba mwezi ujao hatakosa hata Alhamisi moja.

Sasa nikachora mstari kati ya mahudhurio na kilo. Ulionekana wazi mno: miezi aliyohudhuria mara 3 au 4 uzito ulishuka, miezi aliyohudhuria mara moja ulipanda. Nikafurahi, nikadhani nimepata jibu kwamba kikundi kinafanya kazi. Kisha nikakumbuka kwamba dada hupima pia nyumbani, asubuhi ya Alhamisi, kabla hajaamua kwenda. Nikamuuliza kila alipokosa alikosa kwa nini.

Kati ya mikutano 29 aliyokosa, 11 haikuwa kwa hiari yake. Wiki 5 mfululizo alibadilishiwa zamu kazini, wiki 2 mtoto aliugua, wiki 4 alikuwa safarini. Iliyobaki 18 aliamua mwenyewe kutokwenda. Na kati ya hiyo 18, mara 14 mizani ya nyumbani asubuhi ile ilikuwa imesoma juu kuliko wiki iliyotangulia.

Alinyamaza nilipomwonyesha. Halafu akasema, "Nilikuwa nasema nimechoka."

Kwa hiyo mstari wangu ulikuwa umegeuzwa. Hakuongezeka kwa sababu hakwenda. Hakwenda kwa sababu ameongezeka. Aibu ya kupanda mizani mbele ya foleni ndiyo iliyomfungia nyumbani, na akishakosa wiki moja wiki ya pili inakuwa nzito zaidi. Mikutano ile 18 haikutawanyika. Ilikaa katika vipindi vitano, kila kimoja cha wiki 3 au 4, na kila kipindi kiliisha akiwa amepanda kilo moja na nusu au mbili. Akirudi, anashuka.

Zile wiki 11 alizokosa bila hiari ndizo zilizonifundisha zaidi. Hakuna hata mara moja ambapo alipanda zaidi ya nusu kilo. Zile wiki 5 za zamu, ndefu kuliko kipindi chochote cha aibu, alibaki palepale. Nikauliza alifanya nini wiki hizo. Akasema alikuwa akijipima nyumbani na kumtumia mwenzake wa kikundini namba kwa simu, kwa sababu alijua watu watauliza yuko wapi. Wiki za aibu hakumtumia mtu namba yoyote.

Nadhani hapo ndipo tulipopata alichokuwa analipia. Mafunzo alikuwa ameshayahitimu, anaweza kuyafundisha. Chakula anakipika mwenyewe. Alichokuwa ananunua ni namba yake kuonwa na mtu mwingine kwa wiki, na mahali pa kurudi anapoanguka. Na kikundi kilikuwa kinampa hicho kwa njia ambayo ilimfukuza siku hasa alizokihitaji.

Kuna tafiti zinazolingana na hili. Mwaka 2006 mtafiti Rena Wing na wenzake walichapisha matokeo ya watu 314 ambao kila mmoja alikuwa ameshapunguza angalau asilimia 10 ya uzito wake, yaani watu waliokuwa pale alipo dada. Wote walifuatiliwa kwa miezi 18. Waliopata jarida tu kwa posta, asilimia 72 walirudisha kilo 2.3 au zaidi. Waliofundishwa kwa intaneti, asilimia 55. Waliokutana ana kwa ana, asilimia 46. Makundi haya mawili ya mwisho yalifundishwa kujipima kila siku na kuchukua hatua mara uzito unapovuka kiwango kilichowekwa. Nikiziangalia namba hizo naona mambo mawili kwa pamoja: kukutana kuna thamani, na hata kwa kukutana karibu nusu yao waliteleza. Hakuna ada inayonunua uhakika.

Kamba ya malipo

Nilikuwa tayari kumwambia alipie mkutano mmoja mmoja. Hesabu ilikuwa upande wangu: akihudhuria chini ya mara 3 kwa mwezi, malipo ya mkutano mmoja mmoja ni nafuu, zikizidi 3, ada ya mwezi ni nafuu. Lakini nilipomuuliza ni nini kilimrudisha kikundini baada ya kila kipindi cha aibu, mara mbili kati ya tano alisema ni meseji ya benki. Pesa imekatwa, roho ikamuuma, akaenda.

Jambo hili nalo linajulikana. Mwaka 1998 watafiti John Gourville na Dilip Soman walionyesha kwamba wanachama wa klabu ya mazoezi waliolipa mara mbili kwa mwaka walihudhuria sana katika mwezi wa kulipa, kisha wakapungua kadiri malipo yalivyosahaulika. Malipo yanavuta. Ukiyaondoa unapata akiba na unapoteza kamba. Kwa mtu ambaye tatizo lake ni kutokwenda, mfumo wa "lipa ukija" unaweza kuwa mlango wa kutokwenda kabisa. Nilimweleza hivyo waziwazi, na hatukuweza kulimaliza mezani. Ilibidi lijaribiwe.

Jambo ambalo hakuwahi kuuliza

Kabla ya kuandika masharti ya jaribio nilimuuliza swali ambalo sasa naona lilipaswa kuwa la kwanza: "Umewahi kumwambia kiongozi wenu kwamba mizani ndiyo inayokufukuza?"

Hakuwahi. Katika miezi 18 alikuwa ameona njia mbili tu, kupanda mizani au kubaki nyumbani. Alimpigia simu kesho yake. Kiongozi akamjibu kwamba anaweza kuja akae bila kupimwa siku yoyote anayotaka, na kwamba wako wengine wafanyao hivyo. Wanaochelewa dakika kumi kila wiki, akasema, wengi wao wanaikwepa foleni.

Dada alilia kidogo aliponisimulia. Na kulikuwa na jambo jingine alilokuwa hajanieleza: siku za Alhamisi alikuwa hali chochote tangu asubuhi hadi apimwe, kisha usiku anakula hadi anaumwa tumbo. Hilo lilinitia hofu kuliko pesa zote. Nilimwambia kwamba tabia hiyo ikiendelea ninachomshauri ni kuacha kikundi mara moja na kwenda kwa daktari, hata kama kinatoa huduma bure. Mtu anayejinyima siku ya mizani, anayejitapisha au anayeficha anachokula, hahitaji hesabu kama hii yangu. Anahitaji tiba, na kikundi cha mizani kinaweza kumzidishia ugonjwa.

Jaribio la wiki 12

Tuliandika masharti kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari. Makato ya mwezi yasitishwe. Kikundi kilitaka taarifa ya mwezi mmoja, kwa hiyo ada moja zaidi ikatoka, na hilo alilikubali. Kila Alhamisi asubuhi ajipime nyumbani na kumtumia rafiki yake wa kikundini namba, iwe nzuri au mbaya. Namba isipofika hadi saa 4 asubuhi, rafiki apige simu. Ahudhurie angalau mkutano mmoja kwa mwezi bila kujali mizani. Na akifika kilo 86.7, yaani 84.4 kujumlisha zile 2.3 nilizokopa kwenye utafiti, aende Alhamisi hiyohiyo, apimwe au asipimwe.

Mimi sikutaka kuwa mpokeaji wa namba. Ndugu wa damu husamehe haraka au hukasirika haraka.

Wiki 5 za kwanza zilikwenda vizuri. Wiki ya 6 namba haikufika, rafiki akapiga simu, dada akasema betri ya mizani imekwisha. Wiki ya 7 hakupokea simu. Nilipoambiwa baadaye nilijilaumu, nikaona kamba nimeikata mimi. Wiki ya 8 rafiki yake alikwenda nyumbani kwake Alhamisi asubuhi, akakaa sebuleni hadi dada akapanda mizani. Kilo 86.9.

Alikwenda jioni ile. Alilipia mkutano mmoja, akapita pembeni ya foleni, akakaa kiti cha nyuma. Alisema saa nzima hakuna aliyemuuliza kilo zake, na alipoulizwa wiki yake ilikuwaje alisema ukweli. Wiki iliyofuata alipanda mizani ya kikundi kwa hiari yake. Wiki ya 12 alikuwa 85.6.

Kwa jumla alihudhuria mara 6, ambayo ni sawa na ada 2 za mwezi badala ya 3. Akiba ya ada moja katika miezi mitatu si pesa ya kutikisa bajeti ya nyumba, na nilimwambia shemeji hivyo alipouliza. Kilichobadilika zaidi ni urefu wa kuanguka. Vipindi vya zamani vilikuwa vya wiki 3 au 4 za kujificha. Hiki kilikuwa cha 2, na kiliisha kwa mtu kuja mlangoni, bila meseji ya benki.

Je, tungepata matokeo hayohayo kama angebaki kwenye ada ya mwezi na kumwambia tu kiongozi habari ya mizani? Inawezekana kabisa. Tulibadilisha mambo matatu kwa pamoja: malipo, mizani na rafiki, na mtu mmoja kwa wiki 12 hawezi kuyatenganisha. Nikilazimishwa kutaja moja, nataja rafiki. Dada anataja ruhusa ya kukaa bila kupimwa. Shemeji anataja pesa.

Uamuzi wake kwa sasa ni kulipia mkutano mmoja mmoja, na kuangalia upya kila baada ya miezi mitatu. Mwezi atakaoona anahitaji kwenda kila wiki atalipa ada nzima, kwa sababu hapo ndiyo nafuu, na hataiona kama kushindwa. Rafiki yake naye amesitisha makato yake na wanapeana namba. Alhamisi ikifika kila mmoja anaidai ya mwenzake.

Alhamisi iliyopita nilipata meseji yake saa 11 na nusu jioni. "Mizani ya nyumbani asubuhi 86.2. Niko kwenye foleni."